Laptop: kadi ya grafiki imegoma na folda ya harusi inasema sina ruhusa. Wataalamu wa Mtwara na Lindi, nisaidieni

#1 PichaZaKusini
Wakuu habari zenu. Nipo Mtwara mjini, kazi yangu ni video na picha za harusi na ngoma za wali, kuanzia hapa mpaka Masasi na Nanyumbu. Laptop ni ya mtumba, Windows 10 Pro, ina kadi mbili za grafiki: Intel iliyo ndani ya prosesa na nyingine ya NVIDIA. C ni SSD, D ni hadi diski ya kawaida ya TB 1 na ndiko zinakokaa kazi zote. Betri ilishachoka, kwa hiyo inategemea umeme wa ukutani.

Umeme ulikatika nikiwa nahariri. Uliporudi nikawasha, mashine ikaanza yenyewe kukagua diski, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi. Ilipofunguka nikakutana na mambo mawili. La kwanza, skrini imeshuka mpaka 1024 kwa 768, kila kitu kimenenepa. Ndani ya Device Manager, Intel inasomeka Microsoft Basic Display Adapter, na NVIDIA ina pembetatu ya njano na Code 43. Programu ya kuhariri haifunguki, inasema haioni GPU, yaani kadi ya grafiki. La pili, folda ya HARUSI iliyoko D nikiibofya naambiwa sina ruhusa. Nikikubali kuendelea inafikiri kidogo, halafu inakataa. Admini ni mimi, na hakuna mwingine anayeitumia.

Nikamwita kijana wa mtaani. Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika amri, maandishi yakatiririka muda mrefu, akaondoka akisema itakaa sawa. Haijakaa sawa. Sasa hata draiva ya Intel (programu inayoiendesha kadi) nikiisakinisha inafika katikati inagoma, ruhusa imekataliwa.

Kadi za kamera nilishazifuta kwa ajili ya kazi nyingine. Ndani ya folda hiyo kuna harusi ya binti wa watu kule Masasi na familia inasubiri. Hili ni tatizo moja au mawili? Nianzie wapi?

#2 Nangurukuru
Pole mkuu. Piga Windows upya, yote yataisha. Hutakiwi kuumiza kichwa.

#3 DadaShangani
Nangurukuru, ushauri huo mpe mtu ambaye faili zake zimeshatoka salama. Kupiga Windows upya hakugusi ruhusa zilizoko D. Ruhusa za NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, zimeandikwa kwenye diski yenyewe, na hazikuandikwa kwa jina lako. Zimeandikwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Ukipiga Windows upya unapewa namba nyingine, hata ukijiita jina lilelile. Unaweza kuamka ukiwa mgeni kwenye folda zako mwenyewe.

PichaZaKusini, kwanza usihifadhi kitu chochote kipya kwenye D. Pili, mpigie yule kijana akwambie aliandika amri gani, maana dirisha lile likishafungwa halibaki na kumbukumbu. Tatu, bofya kulia kwenye HARUSI, ingia Properties, Security, kisha Advanced. Pale juu kwenye mmiliki kumeandikwa nani?

#4 FundiChikongola
Code 43 mimi nimeizoea. Kadi imekufa. Laptop za mtumba zinakuja zimeshafanya kazi miaka mingi huko zilikotoka, joto limeshalegeza risasi ya kulehemu chini ya chipu. Umeme ukirudi kwa kishindo ndiyo unamalizia. Lete mezani tuifungue. Suala la folda ni jingine kabisa.

#5 MwalimuWaNewala
Fundi, kwa heshima zote. Code 43 inasema kifaa kimeripoti tatizo na Windows imekisimamisha. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa kadi, inaweza kuwa draiva. Na kama ni kadi ya NVIDIA iliyokufa, mbona Intel nayo imepoteza draiva yake saa hiyohiyo? Chipu mbili za watengenezaji wawili, moja iko ndani ya prosesa. Kama Intel ingekuwa imekufa, hiyo laptop isingewaka tukaiona hata hiyo 1024.

#6 DadaShangani
Naongezea kwenye hoja ya Mwalimu. Kwenye laptop nyingi za kadi mbili, NVIDIA haina njia yake ya kufika kwenye skrini. Inachora picha, kisha picha inapitia kwa Intel. Draiva ya Intel isipokuwepo, NVIDIA inaweza kuonyesha 43 ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo Intel itengenezwe kwanza, ndipo tuihukumu hiyo nyingine.

#7 MnaziMmojaLindi
Hapa nawashangaa, hakuna aliyetaja Windows Update. Ina tabia ya kuleta draiva zake yenyewe na kuziweka juu ya zile za mtengenezaji wa laptop. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo draiva inabaki nusu. Mashine yangu hapa Lindi ilinifanyia hivyo, skrini ikanenepa vilevile.

Ingia Device Manager, bofya kulia kwenye kadi, Properties, Driver, angalia kama Roll Back, ya kurudi kwenye draiva ya awali, inabonyezeka. Na kabla ya hapo jaribu kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itazima mara moja na kurudi. Hiyo huiwasha upya draiva ya grafiki bila kuzima kompyuta.

#8 Nangurukuru
Nimejaribu hiyo ya vitufe vinne kwenye yangu ambayo haina tatizo lolote, imelia "bip" nikashtuka. Asante MnaziMmoja, nimejifunza kitu leo.

#9 PichaZaKusini
Ahsanteni. Majibu:

Mmiliki wa HARUSI hasomeki, imeandikwa kwamba haiwezi kuonyesha mmiliki wa sasa. Lakini folda ya MAULIDI iliyoko D hiyohiyo inafunguka vizuri, na mmiliki wake ni hiyo S-1-5-21 na namba nyingi, bila jina. Nadhani ni ya Windows iliyokuwepo kabla ya hii.

Kijana anasema alitumia takeown, amri ya kuchukua umiliki, kwa C nzima, halafu icacls ya kumpa Everyone ruhusa zote, C nzima pia. D anasema hakuigusa. Roll Back haibonyezeki. Vitufe vinne vimelia, hakuna kilichobadilika.

#10 DadaShangani
Sasa tunaanza kuona. Tutenganishe C na D.

D. Ule ukaguzi wa diski uliojianzisha wenyewe ndio ninaoutilia shaka. Chkdsk ikikuta faili ambayo kumbukumbu yake ya ulinzi haieleweki, huiondoa kumbukumbu hiyo na kuipa faili ulinzi wa kawaida badala ya ule uliokuwepo. Ndiyo maana HARUSI, uliyokuwa umeifungua umeme ulipokatika, imegoma, na MAULIDI iliyokuwa imelala haijaguswa. Hakikisha hivi: fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, tafuta tukio namba 1001 lenye chanzo Wininit. Ripoti nzima ya ukaguzi imo humo. Tafuta mistari yenye maneno "security id".

C. Hapa kijana amefanya jambo zito. Faili za Windows haziko chini ya admini, ziko chini ya TrustedInstaller, akaunti ya mfumo wenyewe, na zimekuwa hivyo tangu Vista. Ni kwa makusudi, ili hata admini au programu yenye nguvu za admini isizichezee. Draiva zinatunzwa C:\Windows\System32\DriverStore, na mfumo unategemea ruhusa za humo zikae zilivyo. Ukibadilisha umiliki wa C yote, hakuna amri moja ya kuzirudisha. Mtu akikushauri icacls yenye /reset juu ya C:\Windows, kataa. Haileti zile za kiwandani. Inafuta kila ruhusa maalumu na kuacha za kurithi tu.

#11 MwalimuWaNewala
Dada, hapo kwa C naomba nipinge. Kumpa kila mtu ruhusa hakumnyang'anyi mtu ruhusa. Everyone inamhusu hata SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, na usakinishaji wa draiva unafanywa na SYSTEM. Sasa itakataliwaje kitu ambacho imepewa? Kitakachomzuia mtu mwenye ruhusa ni katazo la Deny, kwa sababu Deny iliyowekwa moja kwa moja inaishinda Allow. Au kijana amekata urithi wa ruhusa bila kujua. Au kinachokataa hakiko kwenye faili kabisa: usakinishaji wa draiva unaandika kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, na rejista ina ruhusa zake ambazo icacls haizigusi.

Sisemi alichofanya ni kizuri. Nasema sioni njia ya kutoka kwenye amri zile mpaka kwenye hilo katazo.

#12 DadaShangani
Hoja yako ni nzito na sina cha kuipangua. Lakini sisi wote tunategemea alichokumbuka kijana. Herufi moja kwenye icacls inabadilisha kila kitu.

#13 KaraniWaKorosho
Natokea Tandahimba, kwenye chama cha msingi. Mimi msimu uliopita nilikataliwa kuhifadhi daftari la wakulima ndani ya Documents, kila siku ya mnada ni vita. Kumbe kulikuwa na ulinzi umewashwa unaitwa Controlled folder access. Ulikuja na Windows 10 mwaka 2017, kazi yake ni kuzuia virusi vinavyofunga faili na kudai fedha. Unazuia programu isiyoaminiwa na Windows, kama hujaisajili, isiandike ndani ya Documents, Pictures na Videos. Ukiingia Windows Security, Virus & threat protection, shuka mpaka Ransomware protection utauona. Na programu inayozuiwa haisemi sababu, inaweza hata kukwambia faili haipo.

PichaZaKusini aangalie huko kwanza kabla ya kuitukana diski.

#14 MwalimuWaNewala
Karani shukrani, hilo wengi hawalijui. Ila ulinzi huo unazuia kuandika, hauzuii kufungua folda kwa Explorer. Na kwa kawaida huja umezimwa. Kwa kisa hiki naona hauingii, ingawa kuangalia hakugharimu kitu.

#15 FundiChikongola
Karani, laptop yako inakaa ofisini au nayo inaenda shamba wakati wa salfa?

#16 KaraniWaKorosho
Inaenda kila mahali ninapoenda. Kuna nini?

#17 FundiChikongola
Kuna jambo ninaliona kila mwaka na hakuna anayelizungumzia. Kuanzia mwezi wa tano, wakulima wakianza kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, mashine zinazoletwa kutoka Tandahimba na Newala zinafanana. Ukitoa RAM, meno yake meusi. Ukigusa shaba ya kipoozeo, nyeusi. Ukisafisha kwa spiriti kavu na raba ya kufutia, mashine inawaka. Mtu ameshaambiwa ubao umekufa.

#18 Nangurukuru
Kutoka kwenye draiva mpaka kwenye ubwiriunga! Watu wa Mtwara mkikosa jibu, korosho haikosi kuhusika. Sisi Kilwa kompyuta ikigoma tunasema imegoma, basi.

#19 DadaShangani
Nangurukuru tulia kidogo, Fundi ana msingi. Salfa inashambulia shaba na fedha, vinabadilika rangi na kuwa na utando unaozuia umeme kupita vizuri. Na sisi wa ufukweni tuna chumvi ya bahari juu yake. Unyevu wa Shangani usiku ukikutana na vumbi lililoganda kwenye ubao, kutu inaanza bila kelele.

#20 MzeeMikindani
Wajukuu, nimewasoma tangu juu. Mimi hapa Mikindani natumia kompyuta kuandika barua na kusoma habari. Redioni nilisikia Windows 10 imefikia mwisho. Je, haya yanayomkuta huyu bwana mdogo siyo matokeo ya hilo? Maana yangu ni hiyohiyo, na sasa naogopa kuiwasha.

#21 MwalimuWaNewala
Shikamoo mzee. Ni kweli Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini maana yake ni kwamba viraka vya usalama vya bure vimesimama kwa asiyejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza. Kompyuta haizimwi, draiva hazifutwi. Iwashe bila wasiwasi, ila uwe mwangalifu na viambatanisho vya barua usizozitarajia. Kwenda Windows 11 kunadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel rasmi wanaanzia kizazi cha 8, kwa hiyo mashine nyingi za mtumba tulizonazo huku zimeachwa nje.

#22 MnaziMmojaLindi
Mzee ameuliza la maana kuliko anavyodhani. NVIDIA nao wameziondoa kadi zao za zamani kwenye draiva mpya. Kizazi cha Kepler kilisimama 2021, Maxwell na Pascal wamefuata Oktoba 2025, hao wamebakiziwa viraka vya usalama tu. Mtu akipakua draiva mpya kabisa bila kuangalia jina la kadi yake, anamaliza bando bure. Draiva kamili inazidi MB 600. PichaZaKusini soma jina la kadi vizuri kabla hujapakua, na bora uchukue draiva kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptop yako.

#23 MzeeMikindani
Marahaba mwalimu. Nimeiwasha.

#24 RuvumaMto
Naona mmezunguka sana. Hadi diski ya D ina hali gani? Hakuna aliyeuliza. Ukaguzi wa diski haujianzishi kwa furaha, Windows imeona kitu. PichaZaKusini, kwenye Event Viewer ingia System, tafuta tukio namba 55 la Ntfs na namba 7 la disk. La 55 ni muundo wa mafaili kuharibika, la 7 ni diski yenyewe kushindwa kusoma sehemu fulani. Halafu pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ndogo, uangalie mistari ya 05 na C5. Hiyo ni idadi ya sehemu zilizohamishwa na zinazosubiri hukumu. Zikiwa sifuri nitanyamaza.

#25 PichaZaKusini
RuvumaMto, 55 zipo nyingi, zote za D, zimeanza siku ya umeme. Namba 7 zipo, na chache ni za kabla ya siku hiyo. 05 ni sifuri lakini C5 siyo sifuri, na programu imeweka rangi ya njano.

DadaShangani, ripoti ya 1001 nimeiona. Mistari ya "security id" imejaa, na faili zinazotajwa ni za HARUSI.

#26 RuvumaMto
Basi hiyo diski inaondoka. Ruhusa ni dalili tu. Kuanzia sasa usikubali chkdsk nyingine, ikitaka kujianzisha bonyeza kitufe chochote kuiruka. Chkdsk kwenye diski inayokufa inaikimbiza kaburini. Wala usiandike takeown au icacls kwenye D, kila amri ya hivyo ni kuandika kwenye diski mgonjwa. Nakili kwanza.

#27 MwalimuWaNewala
Nakubaliana na hatua, sikubaliani na hukumu. 55 zinaletwa na kukatika kwa umeme peke yake, diski ikiwa nzima. C5 nayo huweza kutokea sehemu ikiwa inaandikwa umeme ukaondoka, na ikiandikwa tena inarudi sifuri. Kinachonipa wasiwasi ni hizo namba 7 za kabla.

#28 Ndanda
Samahani kwa kuingia katikati. Kuna uwezekano faili zimefungwa kwa EFS, ule usimbaji wa faili wa Windows? Anasema ni Pro, na Pro inayo. Zikiwa hivyo zina alama ndogo ya kufuli, na hapo hata ukichukua umiliki hazifunguki bila cheti cha mtumiaji wa zamani. Kulikuwa na mtu chuoni kwetu alipoteza tasnifu hivyo, alipiga Windows upya bila kutoa cheti.

#29 PichaZaKusini
Ndanda, hakuna kufuli. Na BitLocker, ya kufunga diski nzima, sijawahi kuwasha. Nianze kunakili vipi kama folda haifunguki?

#30 DadaShangani
Kwa flashi ya Linux. Tafuta flashi ya GB 8, weka Ubuntu, washa kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kusakinisha. Linux kwa kawaida ikisoma diski ya NTFS haizijali ruhusa za Windows. Inaona faili tu. Ingekuwa EFS au BitLocker isingesaidia, lakini umesema hakuna.

Ukizima Windows kabla ya hapo, shikilia Shift huku unabofya Shut down. Bila hivyo, ile Fast Startup inaiacha Windows kama imelala, na Linux itaifungua diski kwa kusoma tu au itaikataa. Hata hivyo kusoma tu kwako ni heri, hutaki kuandika kitu kule.

#31 MnaziMmojaLindi
Eksitenali ya kupokelea isiwe ya mfumo wa FAT32. Faili moja humo haiwezi kufika GB 4, na video ya harusi inapita hapo kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Tumia exFAT au NTFS.

Na anza na zile zisizo na nakala popote. Usinyakue folda nzima kwa mkupuo, faili moja ikikwama itakukwamisha na nyingine zote.

#32 KaraniWaKorosho
Anayehitaji flashi yenye Ubuntu pale mjini na hana bando la kuipakua aseme, ninayo, Jumamosi nashuka Mtwara.

#33 PichaZaKusini
Karani nakuja inbox.

#34 Nangurukuru
Wakati tunamsubiri, naomba kueleweshwa. Kwangu kuna folda inaitwa Documents and Settings, nayo inasema sina ruhusa. Nimeshawaza mambo mabaya tangu asubuhi.

#35 MwalimuWaNewala
Hiyo iache. Tangu Vista siyo folda, ni kiungo kinachoelekeza C:\Users kwa ajili ya programu za zamani. Imezuiwa kusomwa kwa makusudi ili programu zisizunguke humo bila mwisho. System Volume Information na WindowsApps nazo ziache. Siyo kila mlango uliofungwa ni tatizo.

#36 Nangurukuru
Nimepumua. Hata hivyo nilishaandaa takeown.

#37 PichaZaKusini
Wakuu mrejesho, na Karani Mungu akubariki.

Linux imefunguka, HARUSI imefunguka ndani yake kana kwamba haikuwahi kugoma. Harusi ya Masasi kamera kuu imetoka yote. Kamera ya pili kuna vipande vimegoma kusomeka, vinaleta hitilafu ya kusoma, na hapo hadi diski inatoa mlio wa kugonga. Nimeviacha. Vingine vyote viko kwenye eksitenali na nimeweka nakala nyingine kwa ndugu yangu.

Sasa C na kadi ya grafiki.

#38 RuvumaMto
Mlio wa kugonga. Nilisema.

#39 MwalimuWaNewala
Mlio wa kugonga ni ushahidi, nakubali. Lakini hauelezi kwa nini folda nzima ilikosa ruhusa wakati faili zake nyingi zinasomeka vizuri.

#40 DadaShangani
Hongera kaka, la muhimu limetoka. Sasa kwa C usihangaike kurekebisha ruhusa moja moja. Pata ISO (faili lenye Windows nzima ya kusakinisha) ya Windows 10 ya lugha na toleo lilelile la Pro, inakaribia GB 6, kwa hiyo nunua bando la usiku. Ifungue ukiwa ndani ya Windows, bofya setup, chagua kubaki na faili na programu zako. Inaweka Windows mpya juu ya ile iliyoharibiwa na ruhusa za mfumo zinakuja upya. Toa hadi diski ya D kabisa kabla ya kuanza.

Ikimaliza, kata intaneti. Ingia Safe Mode kwa kushikilia Shift huku unabofya Restart, futa mabaki ya draiva zote mbili kwa programu ya DDU, rudi kawaida, sakinisha ya Intel kwanza, washa upya, ndipo NVIDIA. Intaneti uirudishe mwishoni, Windows Update isikutangulie.

#41 MnaziMmojaLindi
Kwa kuwa ni Pro, ukishamaliza kuna sera ndani ya gpedit, kihariri cha sera za Windows, inayozuia Windows Update isilete draiva. Iwashe. Mimi tangu niiwashe nalala.

#42 FundiChikongola
Na mkimaliza yote hayo 43 ikarudi, mtanikumbuka.

#43 PichaZaKusini
Nimefuata hatua za Dada. Intel imesakinika bila kukataliwa, skrini imerudi 1920 kwa 1080. NVIDIA nayo imesakinika, 43 imeondoka, programu ya kuhariri imefunguka.

Lakini nikianza kutoa video iliyohaririwa, baada ya muda skrini inazima na kurudi, kisha naambiwa draiva ya grafiki iliacha kujibu na imeamshwa. Ikirudia sana, 43 inarudi mpaka niizime kompyuta ipoe.

#44 FundiChikongola
Ikipoa inarudi. Ikipata moto inaondoka. Sina la kuongeza.

#45 MwalimuWaNewala
Windows huipa GPU sekunde 2 ijibu, isipojibu inaiwasha upya draiva. Joto linaweza kuleta hilo. Umeme mdogo pia: laptop isiyo na betri inategemea chaja peke yake, na kadi mbili zikifanya kazi kwa pamoja zinavuta kuliko chaja ndogo inavyotoa. Chaja yako ni ile iliyokuja nayo? Wati ngapi?

#46 PichaZaKusini
Chaja nilinunua hapa mjini. Imeandikwa wati 65. Chini ya laptop naona wanataka 120.

#47 MnaziMmojaLindi
Duh.

#48 RuvumaMto
Kwa hiyo chaja ndiyo imeua na diski?

#49 FundiChikongola
Chaja ndogo haileti joto chini ya chipu. Feni ilisafishwa lini? Pesti ya juu ya chipu ilibadilishwa lini? Mleteni huyu mtu Chikongola.

#50 DadaShangani
Azima chaja ya wati 120 kwa mtu, jaribu kutoa video ileile. 43 ikirudi, mpelekee Fundi. Isiporudi, bado mpelekee akusafishie feni. Kwa sasa harusi ya watu itoe kwa Intel, kwenye mipangilio ya kutoa video chagua Quick Sync. Ni polepole lakini inafika.

#51 PichaZaKusini
Nimeanza kutoa kwa Intel, inaenda. Kesho asubuhi napanda basi la Masasi na eksitenali. Nikirudi nitapita kwa Fundi na mashine, chaja nitaazima.

#52 MkeWaNachingwea
Hodi humu. Nimesoma uzi wote. Yangu ina kadi ya AMD, inaonyesha Code 31, na salfa haijawahi kuiona. Nifanye hizi za Dada au zangu ni nyingine?

#53 DadaShangani
Karibu. 31 ni Windows kushindwa kuipakia draiva. Kabla ya chochote, niambie: kuna mtu alishaandika amri kwenye hiyo mashine?